Mwanangu, anza na ile mito mitatu ya kulalia

Marahaba mwanangu. Voisi yako ya jana nimeisikiliza mara mbili, ya kwanza nilisikia kilio tu, ya pili ndo nikasikia maneno. Unasema daktari bosi wenu kakukatisha kwenye raundi ya wodini, unamwelezea mgonjwa mbele ya wenzio, kakuuliza "kwa hiyo unataka kusema nini?", na we ukabaki umeshika faili huna jibu. Alafu ukamalizia kwamba tatizo ni kingereza chako cha shule ya kata, unataka hela ya kozi. Hela ya kozi nitakutafutia kama bado utaitaka, ila kwanza soma haya yote manake mi naona tatizo liko pengine kabisa.

Nilivokuomba unirudie vile ulivomwelezea yule mzee mgonjwa wako, ulianza na jina, umri, anakotoka, kazi, dini, ana watoto 6, nani kamleta, aliwahi kupasuliwa ngiri, hanywi pombe. Dakika ya tatu ndo nasikia mzee hawezi kulala. Dakika ya tatu mwanangu! Bosi ana wodi nzima mbele yake, kasimama tangu asubuhi, sikio lake linatafuta kitu kimoja tu, huyu mtu ana nini na mnataka afanyiwe nini, na hakipati. Hata ungekiongea kingereza kama umezaliwa London angekukatisha vilevile.

Na sikulaumu, ndo tulivofundishwa wote. Primary umesoma kwa kiswahili, form one ukabadilishiwa lugha ghafla, ukawa unakariri notisi za ubaoni ili mtihani upite, na kwenye mtihani unamwaga kila unachokijua ili msahihishaji aokote maksi zake humo. Sasa kazini hakuna anayeokota. Anayekusikiliza ana haraka, na ukimmwagia vitu vyote kwa pamoja kile cha muhimu kinapotea katikati ya vile vingine. Kwenye faili andika vyote, hapo sikupingi, faili ni ghala. Ila ukisimama kuongea mbele ya watu unatoa ghalani kile cha kupika leo.

Ngoja nikwambie kitu sijawahi kukwambia. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikuwa wodi ya wazazi kwenye hospitali moja, usiku, enzi hizo simu za mkononi hakuna. Daktari wa zamu yuko nyumbani kwake, na tulikuwa na kitabu cha kumwitia, unaandika humo alafu mlinzi anakipeleka kwa baiskeli. Kuna mama wa mimba ya kwanza alikuwa analalamika kichwa, nikampima presha nikakuta 170 kwa 110, iko juu ya kutisha. Nikachukua kitabu nikaandika ukurasa mzima kwa kingereza kizuri, nilikipanga kweli kweli, kaja saa ngapi, katoka kijiji gani, kliniki kahudhuria mara ngapi, uchungu ulianza lini, presha nikaiweka kule chini kabisa kwa sababu ndo kitu cha mwisho nilichopima. Mlinzi karudi, daktari kaandika maneno mawili, endelea kumwangalia. Nna hakika alisoma mistari ya juu tu kwa tochi na usingizi wake.

Mkunga wetu mkubwa pale kazini, mama mmoja mtaratibu sana, kanikuta nimekaa na kile kitabu nalia kama wewe jana. Akakisoma, hakunigombeza, akageuza ukurasa akaandika mistari minne. Nnaikumbuka mpaka leo. Mama wa mimba ya kwanza, presha 170/110, kichwa kinauma sana na anaona ukungu. Mimba miezi 9, njia imefunguka sentimita 3. Nahofia kifafa cha mimba. Naomba uje sasa hivi, nakuandalia magnesiamu. Mlinzi hakuwahi hata kushuka vizuri kwenye baiskeli, daktari kaja anakimbia na shati halijafungwa vifungo. Yule mama alipata degedege mara moja tu mbele yetu lakini ile magnesiamu, dawa ya kuzuia degedege, ilishakuwa tayari, akapona, na mtoto akapona. Kingereza cha yule mkunga kilikuwa kidogo kuliko changu.

Miaka mingi baadae tukaitwa semina, tukafundishwa kitu kinaitwa SBAR, kwamba ukimpigia daktari unasema hali ilivyo sasa, historia fupi, we mwenyewe unafikiri ni nini, alafu unaomba nini. Walituambia imeanzia kwenye nyambizi za jeshi la majini la Marekani, ndo hospitali za Kaiser Permanente kule Colorado wakaichukua. Mi nikawa nimekaa pale namkumbuka yule mkunga na mistari yake minne. Hakuwahi kukaa semina yoyote ya hiyo kitu, alijifunza kwa kuita watu wakachelewa kuja, mpaka akajua ni neno gani linamtoa mtu kitandani.

Kwahiyo angalia sehemu mbili za mwisho za hiyo SBAR, nafikiri ni nini na naomba nini, hizo ndo wanafunzi wengi mnaziruka kwa woga. Mnaona mkisema "nadhani" mtachekwa. Sema mwanangu. Ukikosea bosi atakurekebisha na hapo ndo utakuwa umejifunza, ila ukinyamaza hana cha kurekebisha.

Sasa turudi kwa mzee wako. Ulisema ana othopnia, yaani anakosa pumzi akilala. Sawa ni neno la kitabu na litumie. Ila mke wake alikwambiaje? Ulinisimulia mwenyewe wiki iliyopita kwa simu, kwamba zamani alilalia mto mmoja, sasa hivi analalia mitatu na juzi kalala amekaa kwenye kiti. Hiyo mito iko wapi kwenye maelezo yako? Umeipoteza ulipotafsiri! Mgonjwa anaongea na wewe kiswahili, au kilugha na mwanae anakutafsiria, anakwambia kichomi, tumbo linasokota, mwili unawaka moto, we unageuza kiwe kingereza cha daktari, na njiani ule ushahidi wenyewe unadondoka. Beba vyote viwili. Fanya hivi, kaa kitandani jioni useme kwanza kwa kiswahili kama unanisimulia mimi: mzee wa miaka 62, ana presha siku nyingi, dawa kaacha miezi mitatu, wiki mbili hizi anakosa pumzi akilala, analalia mito mitatu, miguu imevimba, nadhani ni moyo umeshindwa kusukuma damu, naomba apigwe picha ya kifua na aanzishiwe dawa ya kupunguza maji. Ikishakaa vizuri hivo ndo ugeuze kingereza, utaona kinakuja chenyewe, manake unajua unachotaka kusema.

Kingine ni manesi. Ukiingia wodi mpya salimia, sema jina lako na uko mwaka wa ngapi. Usidhani nasema adabu tu. Ile orodha ya upasuaji salama ya WHO, shirika la afya duniani, tunayosoma thieta kwenye chumba cha upasuaji, ilijaribiwa kwenye hospitali 8 za miji 8 duniani na moja ilikuwa hapa kwetu Ifakara, na matokeo yalipotoka 2009 vifo vya waliopasuliwa vilikuwa vimeshuka kutoka asilimia 1.5 mpaka 0.8. Humo ndani kuna kipengele kila mtu ataje jina lake na kazi yake kabla kisu hakijagusa ngozi. Nimesimama thieta miaka mingi na nimeona, nesi mdogo akishafungua mdomo akasikika mara ya kwanza, mara ya pili akiona kitu hakiko sawa anasema. Asiyetajwa ananyamaza hata akiona.

Na siku ukiona mkubwa wako anakosea, usimwambie umekosea, kwetu hapa hatokusikia, atasikia dharau tu. Mwambie "samahani daktari, naomba tuhakikishe, ni mguu wa kulia au wa kushoto?" Umemheshimu na umemzuia. Dozi ukiagizwa kwa simu rudia namba kwa sauti mpaka akujibu ndiyo. Na meseji kwa mwalimu wako usiandike "shikamoo daktari" alafu ukae unasubiri aitikie, weka salamu, jina, mwaka, unachotaka na unakitaka lini, vyote kwenye meseji moja.

Umesema raundi kubwa ni Jumatano. Jumanne nipo zamu ya usiku, kama saa sita hivi wodi huwa inatulia. Nitumie voisi ya dakika mbili isizidi, mgonjwa yoyote utakayepewa, kiswahili kwanza alafu kingereza, nitaisikiliza nikinywa chai na nitakujibu hapohapo. Na uniambie mzee amefikia mito mingapi.

Mama yako