Amepewa tuzo kwa kazi yangu na hakunitaja hata kwa salamu

Shangazi, salamu.

Ni saa kumi usiku na sijafumba jicho. Mume wangu amelala, watoto wamelala, mimi niko na simu naiangalia tena ile video. Kijana mwandishi ninayefanya naye kazi anapanda jukwaani, anapokea tuzo ya uandishi, anamshukuru Mungu, mhariri, mama yake mzazi, mpaka dereva wa gari la ofisi. Mimi hakunitaja. Sikutaka anitaje kwa jina, hilo nalisema wazi, maana mimi ndiye niliyemwambia tangu mwanzo kwamba jina langu lisitoke. Lakini angesema hata "kuna dada mmoja". Basi tu.

Hali yetu sisi tuliotoka Burundi unaijua. Nilikuwa mtangazaji Bujumbura mpaka Mei 2015, wakati wa lile jaribio la mapinduzi, redio ziliposhambuliwa moja baada ya nyingine: RPA, Bonesha, Isanganiro, Renaissance. Kipindi changu kilikuwa cha wanawake, na zaidi nilizungumzia ardhi, kwa sababu kwetu urithi wa shamba uliachiwa mila, na mila haimhesabu binti kama inavyomhesabu kaka yake. Wanaume wazima na ndevu zao walinipigia simu kunitukana. Na kila kipindi nilikianza kwa jina langu kamili. Kwa hiyo mtu asije akaniambia mimi ni mwoga.

Hapa Kenya ni mambo mengine. Sheria ya wakimbizi ya 2021 inatambua haki yetu ya kufanya kazi, nimeisoma yote, lakini ombi langu la kibali liko mezani kwa mtu na kila nikienda naambiwa nirudi baadaye. Bila kibali, kadi ya mwanahabari huipati. Bila kadi, mhariri hawezi kukulipa. Ndipo akaja huyu kijana, ametoka chuoni juzi, anaandika haraka, ana kila karatasi, lakini kukaa na mama aliyefiwa hajui. Nilimfundisha mimi. Usiulize siku ya kwanza mtoto aliuawaje. Kaa, kula ulichoandaliwa, uliza alipenda kusuka vipi, alipenda nyimbo gani. Siku nyingine ndipo uulize nani alikwenda polisi, kituo kipi, alipewa nambari ya OB, ile ya kitabu cha matukio cha polisi, au aliambiwa hayo ni mambo ya nyumbani wakayamalize huko.

Tukapatana. Mimi nakusanya na kuandika, yeye anatoa kwa jina lake, pesa zinaingia kwenye simu yake, ananitumia nusu. Wakati mwingine haifiki nusu, na nauli ni yangu. Lakini hajanidhulumu, Shangazi, sitaki uandike kwamba amenidhulumu. Mtoto wangu alipougua usiku ni yeye aliyekuja na teksi.

Sasa hiyo kazi iliyopewa tuzo. Unakumbuka Januari 2024 jinsi wanawake walivyojaa barabarani hapa mjini kwa sababu ya mauaji. Unamkumbuka Rebecca Cheptegei, mwanariadha wa Uganda aliyechomwa kwa petroli kule Trans Nzoia, Septemba mwaka huo huo, na kabla yake Agnes Tirop kule Iten mwaka 2021. Hao dunia nzima iliandika, na ni haki yao. Mimi nilikuwa nawafuata wale ambao hakuna aliyewaandika. Muuza mboga. Msichana wa kufulia watu nguo kule mtaa wa Pipeline. Kesi inatajwa, inaahirishwa, shahidi anahama mtaa, faili halionekani, na mama wa marehemu bado anakuja kortini na leso yake mpaka siku nauli inapomwishia. Nilikaa nao kwenye zile benchi. Na Desemba 10, 2024, wanawake waliporudi barabarani polisi wakawarushia vitoa machozi, mimi nilikuwa mle katikati, kitambulisho cha mkimbizi nimekificha kwenye sidiria, nikiomba Mungu nisikamatwe. Yeye alisimama kule kwa wenye kadi. Halafu anayetajwa jukwaani ni dereva.

Makala yalipotoka na picha yake, mmoja wa wale akina mama alinipigia simu. Akaniuliza, "Mwanangu, huyu mwanamume ni nani? Mimi sijamwona nyumbani kwangu." Nikamwambia ni mwenzangu kazini. Akasema sawa. Hakuuliza tena, na hajanipigia tangu siku hiyo.

Mume wangu anasema, "Si mlikubaliana mwenyewe?" Kila nikilileta hili jambo ananirudishia hilo hilo. Ndiyo, tulikubaliana! Tulikubaliana juu ya jina kwenye gazeti, hatukukubaliana kwamba asimame mbele ya watu aeleze jinsi alivyolia jikoni kwa yule mama. Aliyelia ni mimi. Rafiki yangu wa kutoka nyumbani anasema niende kwa mhariri na daftari zangu, zote ninazo, zina tarehe. Nikienda, kijana anafukuzwa kazi, na mimi nitaulizwa kwa kibali cha nani nimekuwa nikifanya kazi miaka yote hii. Kisha zile makala zitaonekana za uongo, na wakili wa mshtakiwa yeyote atafurahi kuzishika. Siwezi kuwafanyia hivyo wale akina mama.

Tuzo siitaki. Abaki nayo. Ingawa nikisema hivyo roho inauma, maana niliacha kazi yenye jina langu nikaja kuanza upya, na watoto wangu wanadhani mama yao anauza vitenge tu.

Na kuna jambo jingine. Nina mama wa Dandora amenipa maneno yake yote, nimeyarekodi, nimeshaandika. Kesi ya binti yake inarudi kortini hivi karibuni na ameniomba yatoke kabla, labda faili litaamka. Jana kijana ameniandikia: "Dada, ile ya Dandora iko tayari? Mhariri anaingoja." Hakuna pole, hakuna kueleza. Nikimpa, itatoka wiki hii hii kwa jina lake. Nisipompa, sina pa kuipeleka, na yule mama atakwenda kortini peke yake. Mume wangu anasema niiweke mwenyewe Facebook kwa jina langu, yeye anayeniambia kila siku nisijitokeze. Nimpe, Shangazi? Au nimwambie aweke na langu pale chini, hata kwa herufi ndogo, na wale wenye faili langu la kibali wakiliona itakuwaje?

Anakuja Jumapili kula, kama kawaida. Watoto wanamwita mjomba na wameshaniuliza kama ataleta ile tuzo waishike. Nijibu kabla ya hapo. Jina langu na mtaa usitoe.

Msomaji wako,
Nairobi