Mhariri, Wamarekani hawakusimama kama mtu mmoja 1776

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi na poleni na majukumu. Naandika kuhusu ile makala yenu ya miaka 250 ya uhuru wa Marekani, makala nzuri sikatai, nimeisoma kwenye daladala kutoka Mbagala na foleni ilivyokuwa nikaimaliza kabla hatujafika Mtoni, ila kuna sehemu mwandishi wenu kaandika eti mwaka 1776 Wamarekani walisimama kama mtu mmoja wakamtoa Mwingereza. Hapo nikasema hapana jamani, hili siliachi lipite hivi hivi.

Kwanza hao waliokuwa wanadai uhuru wengi wao ni Waingereza wenyewe, walowezi na watoto wa walowezi, wamekaa kwenye ardhi waliyowapora wenyeji, makoloni 13 yenye watu kama milioni mbili na nusu na humo ndani karibu laki tano ni watumwa weusi. Kwa hiyo usiifikirie ile vita kama ya kwetu na Mjerumani. Ugomvi wao na London ulianza na mambo ya kodi, ile ya stempu ya 1765, halafu chai ambayo watu wa Boston waliimwaga baharini Desemba 1773, na vita ilipolipuka 1775 wazungu wa kule kama mmoja kati ya watano alibaki na mfalme, hayo ni makadirio ya wanahistoria, na wengine kibao hawakutaka upande wowote, walitaka walime wale walale basi.

Tena waliogawanyika ni watu wa nyumba moja. Benjamin Franklin tunamjua wote, yule mzee aliyerusha kishada wakati wa radi ili aonyeshe kwamba radi ni umeme, yuko mpaka kwenye noti ya dola 100. Sasa aliyekuwa naye kwenye jaribio la kile kishada mwaka 1752 ni mwanae William, na huyo William baadaye akawa gavana wa New Jersey kwa uteuzi wa mfalme. Baba akasaini Azimio la Uhuru, mtoto akakataa kumhama mfalme, wakamkamata June 1776 na kumpeleka kizuizini Connecticut. Mkewe akaugua New York mwaka 1777, jamaa akaomba ruhusa akamuone wakamnyima, mke akafa bila kumuona mumewe. Alipotoka kizuizini akaenda kuwaongoza wapiganaji wa upande wa mfalme na mwisho akahamia Uingereza. Baba na mwana walikutana mara ya mwisho 1785 pale Southampton, wakamalizana mambo ya hela na mashamba, na mzee alipofariki 1790 kwenye wosia hakumwachia kitu cha maana. Mi nina watoto wa kiume nyumbani na hii habari kila nikiisoma inanikaa vibaya.

Au chukua pigano la Kings Mountain, kule mpakani mwa Carolina mbili, Oktoba 1780. Kila upande ulikuwa na watu kama elfu moja, na Mwingereza aliyetoka Uingereza pale ni kamanda mmoja tu, Patrick Ferguson, akafia hapo hapo, waliobaki pande zote mbili ni watu wa makoloni wanauana wenyewe kwa wenyewe. Mwandishi wenu angeitaja hiyo siku asingeandika alichoandika.

Juzi nilikuwa nabishana na mzee mmoja hapa kijiweni Tandika tukinywa kahawa, ananiambia mjukuu wangu, hao waliobaki na mfalme ni vibaraka tu, hakuna cha kuwatetea. Nikamwambia mzee wangu, heshima yako, lakini hata hapa kwetu Maji Maji ya 1905 si makabila yote yaliingia, Wahehe wengi hawakuingia, na hakuna wa kusema Wahehe waoga maana walimsumbua Mjerumani miaka na miaka mpaka Mkwawa anakufa 1898. Walishapigana, walishaona bunduki zinafanya nini, wakaamua vile. Na kule Marekani kuna kitu cha namna hiyo hiyo, Waskochi wa milimani waliohamia North Carolina, wapo kati yao waliompinga mfalme wa Uingereza kwenye vita ya 1745 hadi 1746 wakachakazwa vibaya sana, na 1776 wengi wakasimama na mfalme. Yupo mama anaitwa Flora MacDonald, mwaka 1746 alimficha Charles Stuart, yule aliyeongoza vita hiyo akidai kiti cha ufalme ni cha ukoo wake, akawa anatafutwa na jeshi mpaka akatoroka, huyo huyo 1776 mumewe anapigana upande wa mfalme. Ukishachapwa na mtu unajua uzito wa mkono wake. Mzee akanyamaza kidogo halafu akasema haya, lakini vibaraka walikuwepo, na mi sikubisha, walikuwepo, Benedict Arnold, jenerali wa upande wa uhuru, alitaka kuiuza ngome ya West Point kwa Waingereza mwaka 1780 ili apate hela na cheo, huyo hata mi simtetei.

Wengine ni wapangaji wa mashamba kule mto Hudson, wakiona mwenye shamba kaenda kwa waasi, yaani hao waliodai uhuru, basi wao wanaenda kwa mfalme, hesabu rahisi tu, mfalme akishinda huenda shamba likawa lao. Na wenyeji wenyewe wenye nchi nao walichanika, muungano wa Iroquois wa makabila sita ukagawanyika, Wamohawk na kiongozi wao Joseph Brant wakawa na mfalme, Waoneida wakaenda na waasi.

Na waliokataa kula kiapo cha upande mpya walikiona. Kunyang'anywa ardhi, kutozwa kodi mara mbili, wengine wanamwagiwa lami mwilini na kubandikwa manyoya halafu wanazungushwa mtaani watu wanacheka. Hata Maquaker ambao dini yao inawakataza vita kabisa, mwaka 1777 kundi la watu wazito wa Philadelphia lilikamatwa likahamishiwa Virginia bila kesi. Vita ilipoisha 1783 watu wapatao 60,000 walishaondoka au walikuwa wanaondoka, wengi wakaenda Kanada.

Lakini kilichoniudhi zaidi Mhariri ni kwamba makala nzima hakuna mtu mweusi hata mmoja, na gazeti linatoka Dar es Salaam! Novemba 1775 gavana wa Virginia, Lord Dunmore, alitangaza kwamba mtumwa wa muasi akikimbilia jeshi la mfalme na akaweza kubeba silaha yuko huru. Simsifii, yeye mwenyewe alikuwa na watumwa na tangazo halikuwahusu watumwa wa marafiki zake, ilikuwa mbinu ya vita. Ila jiweke wewe kwenye viatu vya mtumwa wa Virginia, bosi wako anapiga kelele za uhuru asubuhi na jioni anahesabu kama hujatoroka, ungeenda wapi? Maelfu walikwenda kwa mfalme. Wapo na weusi kama 5,000 waliopigana upande wa waasi, Rhode Island walikuwa na kikosi chao, nao walikuwa wanatafuta uhuru huo huo kwa njia nyingine. Na vita ilipokwisha, Mei 1783, George Washington mwenyewe alikaa na jenerali wa Kiingereza Guy Carleton akadai watumwa warudishwe, Carleton akagoma, majina kama 3,000 yakaandikwa kwenye daftari pale New York wakapandishwa meli kwenda Nova Scotia.

Naomba mwandishi wenu atuandikie sehemu ya pili na safari hii awaweke hao watu. Aanze na mmoja anaitwa Harry Washington, alizaliwa Afrika, akawa mtumwa wa huyo huyo George Washington pale Mount Vernon, akatoroka 1776 kwenda kwa Waingereza. Kutoka Nova Scotia, ambako waliahidiwa ardhi wakapewa mawe na baridi, akawa mmoja wa watu karibu 1,200 waliopanda meli 1792 kuja Freetown, Sierra Leone. Huko nako kampuni ya Waingereza iliyokuwa inatawala ikawadai kodi ya ardhi, na mwaka 1800 wakaasi, Harry akiwemo. Uasi ukazimwa, wakamhukumu wakamfukuza mji, wakampeleka ng'ambo ya mto, kule pwani ya Bullom.

Ni mimi msomaji wenu,
Mpenda historia, Tandika, Dar es Salaam