Barua ya malalamiko: mbegu zenu za vitunguu haziwezi kuzaa Nairobi

Kahawa West,
Nairobi.

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Mbegu,
Nairobi.

Kwa Bwana/Bibi,

KUH: MBEGU ZA VITUNGUU ZISIZOTUNGA KICHWA

Mwezi wa Machi, mvua za masika zilipokaribia, nilinunua pakiti mbili za mbegu zenu za vitunguu katika duka la agrovet hapa Kahawa West. Mbele ya pakiti pana picha ya kitunguu kinachojaa kiganja, na chini yake mmeandika: "Hustawi kote nchini." Sasa ni Oktoba na sijavuna hata kimoja. Nilicho nacho ni majani. Ni majani mazuri, sikatai, na tumeyala sana na mayai, lakini majani ya vitunguu mama mboga wa langoni kwetu huniuzia kwa shilingi ishirini fungu.

Mbegu ziliota vizuri kitaluni. Miche ilipofikia unene wa penseli niliipandikiza kwenye tuta lenye samadi iliyooza, sentimita 10 kati ya mche na mche, kama pakiti inavyoelekeza. Mgao wa maji ulipotubana nilinunua maji ya mitungi. Jirani yangu, ambaye tunatenganishwa na ua wa kayaba tu, alipanda vitunguu vya aina ya Red Creole wiki ile ile, kwa samadi ya gunia lile lile. Mwezi wa Agosti majani yake yalianza kulala, akang'oa, akaanika barazani. Yangu yalikuwa bado yamesimama wima. Niling'oa mmoja nikauweka kando ya wake. Wake ulikuwa na kichwa cha kushikwa kwa vidole vyote, na shingo imesinyaa. Wangu ulikuwa na unene ule ule kutoka mizizini hadi majani yanapogawanyika. Nilipoupasua kwa kisu nilikuta majani ndani ya majani, bila hata ganda moja lililonenepa.

Niliwapigia simu. Afisa wenu wa kwanza alisema mmea una njaa, niongeze CAN, mbolea ya naitrojeni. Nikaongeza, majani yakazidi kurefuka, na hilo lilitarajiwa kwa sababu naitrojeni ni chakula cha majani. Wa pili, kabla hata ya kuona picha, alisema ni vithiripi, akanielekeza kwenye dawa yenu ya kunyunyiza. Wadudu wenyewe sikuwaona, wala mistari ya rangi ya fedha wanayoiacha kwenye majani, lakini dawa nilinunua kwa kuwa mtaalamu kasema. Wa tatu alinishauri nisubiri, na nikiwa nasubiri nitumie mbolea yenu ya majani. Mtanisamehe nikiona kwamba kila ugonjwa wa vitunguu vyangu una tiba kwenye rafu zenu.

Jibu nililipata kwenye pakiti yenyewe. Stika yenu ilikuwa imeanza kuachia pembeni, nikailoweka na kuibandua. Chini yake pana maandishi ya asili: aina ni Ailsa Craig, ipandwe Februari hadi Aprili, ivunwe Agosti hadi Septemba. Hiyo ni aina ya Uskoti ya tangu karne ya 19, na ni ya mchana mrefu. Nyinyi ni watu wa mbegu, kwa hiyo maana yake mnaijua kuliko mimi, lakini nitaiandika ili isije ikasemwa kwamba mteja hakueleweka.

Kitunguu hakitungi kichwa kwa sababu ya umri wala mbolea peke yake. Majani hupima urefu wa mchana, na hadi mchana ufikie kiwango cha aina ile, mmea huendelea kutoa majani tu. Aina za mchana mfupi, kama Red Creole, Bombay Red na Texas Grano, hutosheka na saa 11 au 12. Za mchana mrefu zinahitaji saa 14 hadi 16. Uskoti mwezi wa Juni mchana unapita saa 17. Hapa Nairobi, karibu kabisa na ikweta, jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kuzama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni, na kati ya mchana mrefu kuliko yote na ule mfupi kuliko yote tofauti ni kama dakika kumi tu. Mbegu hizi zingekaa ardhini mwangu miaka mitatu zisingeona siku zinazozingoja.

Ndiyo maana jibu lenu la WhatsApp la wiki iliyopita limenikera kuliko hasara yenyewe. Mliandika kwamba "hali ya hewa haimo katika dhamana yetu". Mvua ikikosa, hiyo ni hali ya hewa. Baridi ya Julai ikizidi, hiyo pia ni hali ya hewa, na nisingewasumbua. Urefu wa mchana wa Nairobi haubadiliki na haukumshtukiza mtu. Ulijulikana kabla hamjaagiza mbegu, na kabla hamjachapisha stika ya kuufunika ukweli huo.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mteja haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, ya kupewa habari anazohitaji ili anufaike nazo, na ya kufidiwa hasara inayotokana na kasoro zake. Kwa msingi huo nataka mnirudishie bei ya mbegu, ya CAN, ya dawa na ya mbolea ya majani. Risiti zote nimeziambatanisha, pamoja na picha za pakiti kabla na baada ya kubandua stika. Maji siwadai. Nataka pia pakiti zilizobaki ziondolewe kwenye maduka kabla ya mvua za vuli, kwa sababu juzi nilizikuta bado zimepangwa kaunta ile ile, na kijana wa duka hana habari. Na kila pakiti ya vitunguu mtakayouza hapa ionyeshe wazi kama ni ya mchana mfupi au mrefu.

Nawapa siku 14. Nakala ya barua hii imeenda KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu na afya ya mimea, na Mamlaka ya Ushindani ya Kenya.

Nimeacha mstari mmoja bila kuung'oa. Afisa wenu akitaka kujionea, anakaribishwa siku yoyote, ila asije na chupa nyingine ya dawa.

Wenu mwaminifu,
Mteja wa Kahawa West