Hamisi, usilipe hiyo tiketi ya Detroit

Aprili 12, 2024

Ndugu yangu Hamisi,

Idi Mubarak, japo imechelewa. Watoto hawajambo? Salamu za Mama Salma zimefika.

Deo kaniambia mnachangishana dola 40 kila mmoja za tiketi za Drafti ya NFL, ile hafla ambapo timu za ligi ya futiboli ya Marekani huchagua wachezaji wapya kwa zamu. Usitoe hata senti! Kuingia ni bure. Kila mtu anajisajili mwenyewe kwenye programu ya NFL OnePass, anapata msimbo wa QR kwenye simu yake, basi. Vinavyouzwa ni vifurushi vya VIP, vya viti na chakula, na hivyo huvipati kwa mtu wa WhatsApp kwa dola 40.

Ila linaloniuma zaidi ni hiyo ruhusa ya kazini uliyoomba Alhamisi tarehe 25. Alhamisi ya nini, na wewe ni shabiki wa Browns, timu ya Cleveland? Siku hiyo ni raundi ya kwanza tu, na humo Browns hawana chaguo, yaani zamu ya kuchagua mchezaji. Walishalitoa tangu 2022 kwa Houston, pamoja na la mwaka ule na la 2023, ili wampate mchezaji Deshaun Watson. Utasimama tangu saa mbili usiku, kila timu ikipewa hadi dakika 10, na huenda usisikie Cleveland ikitajwa kabisa. Chaguo lao la kwanza ni namba 54, raundi ya pili, Ijumaa kuanzia saa moja jioni. Hapo kila timu ina dakika 7, kwa hiyo hata zote zikizimaliza, zamu yenu itafika kama saa tatu na nusu.

Deo naye anabisha eti Carolina ndio watakaoanza kwa kuwa walishika mkia. Kushika mkia kuliwapa namba moja, kweli, lakini walishaiuza kwa Chicago mwaka jana ili wapande kwenye foleni ya mwaka huo na kumchukua mchezaji Bryce Young. Matokeo ya msimu ndiyo yanayopanga foleni, ila nafasi kwenye foleni ni mali, inauzwa hata dakika zikiwa zinahesabiwa. Kwa hiyo hata hiyo 54 inaweza kupanda au kushuka. Na timu ikipitiwa na muda haipotezi chaguo, ila ya nyuma yake inaruhusiwa kuwahi. Minnesota yaliwakuta 2003: walikuwa namba 7, wakachelewa, Jacksonville na Carolina wakawapita.

Mkoba uwe wa plastiki inayoonyesha vilivyomo, la sivyo mtarudishwa getini. Na zima arifa za simu, maana waandishi huvujisha jina la mchezaji aliyechaguliwa kabla halijasomwa jukwaani, na raha yote iko pale.

Sasa nijibu: bosi atakubali kukubadilishia iwe Ijumaa? Umeshatoa hiyo 40, au bado? Nani anazikusanya? Na Baba Salma anakuja na gari lake, au tutafute basi?

Wako,
Rashidi