Kadi za gari za wazee msizitupe

Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi niseme na wenzangu wa Unguja na Pemba kuhusu hizi gari za spoti za zamani, maana skuhizi mtu akipata MG (ile gari ndogo ya spoti ya Kiingereza) chakavu uwani kwa mtu anaipiga rangi nyekundu halafu anaiuza ati orijino, na bei haishikiki.

Orijino haionekani kwenye rangi jamani, inaonekana kwenye namba. Ya chesisi, ya injini, zote zilingane na zilizoandikwa kiwandani. Za MG madaftari yake yapo Uingereza, kwenye makumbusho ya magari pale Gaydon, ukilipa wanakutolea cheti gari iliundwa lini, rangi gani, ikapelekwa nchi gani. Sasa fundi anabandua kibati cha namba apige puti kisha hakirudishi, au anasaga chesisi pale pale penye namba kwa sababu ya kutu (na chumvi ya bahari kwetu haina huruma), utaithibitishaje tena? Kuna moja niliiona, kibati kikuukuu hata maandishi hayasomeki lakini ribeti zake mpya zinang'aa. Hicho kimebanduliwa, na pengine kimetoka gari nyengine kabisa.

Wenzetu wanafuatilia gari moja moja. Bugatti Atlantic, gari ya spoti ya Ufaransa, ziliundwa nne tu, 1936 mpaka 1938, tatu zipo, ya nne ilipotea wakati wa vita vya pili na mpaka leo inatafutwa. Moja katika hizo tatu iligongwa na treni Ufaransa 1955 ikaja kuundwa upya, na watu bado wanabishana kiasi gani chake ni cha zamani. Jaguar XKSS, gari ya spoti ya Uingereza, ndo zilikamilika 16, nyengine 9 ziliungua kiwandani Februari 1957, halafu 2016 Jaguar wenyewe wakatangaza wataunda 9 mpya. Nzuri sana, lakini mimi siziiti za 1957.

Kwetu mzee akifariki makaratasi yake yanachomwa pamoja na takataka. Kadi ya gari, risiti ya forodha, picha kijana kasimama Forodhani ubavuni mwa gari na namba inasomeka, hivyo ndo vitu vya kuitambulisha gari ambayo leo pengine iko Mombasa au Uingereza na mwenyewe hajui ilikotoka. Tafadhalini vitoleeni fotokopi, muulize na pale Nyaraka za Taifa Kilimani kama watavipokea. Na mwenye gari kabla hajamkabidhi fundi asafishe namba kwa brashi laini, azipige picha zote, na kibati akae nacho yeye mwenyewe.

Mpenda gari,
Mwembetanga, Unguja