Taarifa ya mwenyekiti kwa mwaka 2023: mwaka tuliomlilia mwimbaji Tshala Muana

Lubumbashi, Jumapili tarehe 10 Desemba 2023

Mama zangu, baba zangu, wadogo zangu wote wa chama chetu cha kusikiliza muziki,

Nawasalimu, na nawashukuru kwa kufika. Mnisamehe nikilazimika kupaza sauti. Siku kumi zimebaki twende kupiga kura, na magari ya kampeni hayapumziki hata Jumapili.

Taarifa hii kwa kawaida huanza na hesabu za feza. Leo hesabu zitangoja, kwa sababu leo umetimia mwaka mzima. Jumamosi ile, tarehe 10 Desemba 2022, mimi nilikuwa katika soko la Kenya, komini ya hapa hapa mjini, nanunua ndakala, wale samaki wadogo wakavu. Simu ya muuzaji ikalia, akasoma, mkono wake ukabaki ndani ya gunia na kopo la kupimia halijajaa. Akaniuliza, "Mama, ni kweli Tshala alikufa?" Nilimjibu watu wanapenda kusema uongo. Kufika nyumbani nikakuta Claude Mashala, mwenzi wake na mtayarishaji wa muziki wake, ameshatangaza mwenyewe: Elisabeth Tshala Muana alikuwa ametutoka kule Kinshasa, akiwa na miaka 64. Ndakala wale sikuwapika siku ile.

Mnajua yeye ni nani kwetu. Alizaliwa katika mji huu tarehe 13 Machi 1958, ukiitwa bado Élisabethville. Aliondoka, akaanza kama mchezaji katika kundi la mwimbaji M'Pongo Love, akapita Abidjan, akafika Paris, na ngoma ya Waluba wa Kasai, mutuashi, akaipandisha kwenye majukwaa ya dunia. Redio zilimwita Malkia wa Mutuashi, watu wakamwita Mamu Nationale, mama wa taifa. Nyimbo zake nyingi ni za Tshiluba, na wengi wetu hapa tulikuwa tunaimba "Malu" na "Tshibola" bila kuelewa nusu ya maneno. Lakini "Karibu Yangu" aliimba kwa Kiswahili, na huo hakuna aliyehitaji kutafsiriwa.

Tulikaa matanga usiku tatu, katika komini ya Katuba, kwenye parseli, yaani kiwanja, ya mwanachama mwenzetu. Ukumbi tuliokuwa tumeulipia tuliambiwa siku yenyewe kwamba umepewa watu wengine, na tulirudishiwa nusu ya feza. Sitaki kulirefusha hilo. Usiku wa kwanza umeme ulikatika saa mbili, vijana wakaleta betri ya gari, na wanawake wakapika bukari (ugali) ya kuwatosha hata majirani waliokuja kuuliza nani kafiwa. Wako waliouliza pia kwa nini chama kikeshe kwa ajili ya mtu ambaye hatukuwahi kumshika mkono. Waliojibiwa wanakumbuka jibu la mama yetu mshonaji wa Kamalondo, mkubwa wetu kwa umri: "Alikufia Kinshasa, njo vile, lakini kilio ni ya huku pia. Ni mutoto wa Lubumbashi."

Mzee wetu wa reli akaongeza la kwake. Alisema kama unataka kujua kwa nini sauti ya Kasai ilizaliwa Katanga, uliza treni. Mwaka 1928 reli ya kutoka Bukama ilifika Port-Francqui, ndiyo Ilebo ya leo, na tangu hapo watu wa Kasai wakateremka kwa wingi na mikataba ya mgodi na ya reli, wakajenga, wakazaa. Babu yake mwenyewe alikuja hivyo. Nilimsikiliza nikijua kwamba treni ile ile ilikuja kuwarudisha.

Hapa naomba mnivumilie. Niliyoyasema usiku wa pili wa matanga, wengine hamkuwapo, na sekretere ameniomba yaingie katika taarifa.

Mimi nimekulia Likasi, mji wa mkoa wetu huu. Mwaka 1992 nilikuwa na miaka 17. Jirani yetu alikuwa mama wa Kasai aliyeuza mikate asubuhi, na sisi watoto tulimwita Mamu, kama watoto wake. Mwisho wa mwezi, mshahara ukitoka, Mamu alikuwa anaweka redio-kaseti dirishani, anafunga kikwembe (kitenge) kiunoni na kumwita mama yangu uani. Mama yangu ni Musanga, wa kabila la hapa Katanga, mutuashi haukuwa wake. Mamu alimshika mabega na kumwambia, "Miguu itulie. Kiuno ndicho kinasema." Mama alijaribu, akacheka mpaka akakaa chini. Baba zetu walijifanya hawaoni. Ziko nyumba ambako Tshala akionekana kwenye televisheni, mzazi alisimama kuizima. Kwetu hatukuwa na televisheni, tulikuwa na Mamu.

Mwaka ule na uliofuata, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika mkoa wetu wa Katanga, wakati ule ukiitwa Shaba. Mnajua. Walilala stesheni majuma na miezi wakingoja mabehewa, na wako waliozikwa hapo hapo walipongojea. Siku ya kuondoka kwake Mamu alikuja kwa mlango wa nyuma na vitu viwili: kinu, na kaseti imefungwa katika kitambaa cha kichwa. Alimwambia mama, "Kinu ni kizito. Na hii wataninyang'anya njiani. Unitunzie." Mama alipokea kwa mikono miwili.

Hatukuwafukuza sisi. Lakini hatukutoka nje pia. Baba alifunga dirisha la upande wa barabara, tukakaa ndani kimya, tukasikia miguu yao ikipita mpaka ikaisha. Habari ya Mamu haikurudi tena. Kinu tulikitumia mpaka kikapasuka. Kaseti nilihama nayo kuja Lubumbashi, nikaolewa nayo, na kwa miaka 30 sikuisikiliza hata mara moja.

Usiku ule nilikuwa nimeileta. Haikuzunguka. Kijana wetu anayetengeneza simu alifungua skrubu tano ndogo kwa ncha ya kisu, akakuta kile kipande cha sufu kinachobana utepe kimeanguka. Alikata kidogo kwenye blanketi kuukuu, akakibandika kwa gundi ya viatu, akapuliza, akafunga. Sauti ilianza nzito kama ya mtu anayeamka, kisha ikakaa sawa. Alikuwa yeye, Tshala, katika ujana wake.

Wakubwa mtakumbuka tulivyokuwa tunarekodi: unaweka redio-kaseti mbele ya redio, unabonyeza, unaomba kimya. Kwa hiyo chini ya wimbo kulikuwa na jogoo, na mlango unaogonga. Na kati ya wimbo wa pili na wa tatu Mamu mwenyewe akasema, kwa sauti ya chini lakini wazi, "Fungeni mlango, anaimba." Mimi nilikuwa nimejiandaa kumsikia Tshala Muana. Huyo mwingine sikuwa nimejiandaa kumsikia. Nilikaa chini kwenye mkeka, na yote niliyowaeleza hapa yakanitoka mbele ya watu, pamoja na dirisha la baba.

Palikuwa kimya kwa muda. Halafu dada yetu mmoja wa Kasai, ambaye wazazi wake walipanda mabehewa yale, alisimama, akafungua kikwembe chake cha juu, akanifunga kiunoni. Hakusema neno. Alimwashiria kijana arudishe wimbo mwanzo. Walioona wanajua tulicheza mpaka betri ikaisha.

Sisemi kwamba jambo limekwisha. Dada huyo mwenyewe aliniambia asubuhi, tunaosha sufuria, "Nilicheza na wewe, lakini stesheni sijaisahau." Nimeliandika kama alivyolisema, kwa idhini yake.

Kutoka hapo ndipo lilipozaliwa azimio kubwa la mwaka. Daftari letu la wanachama lilikuwa na safu ya jina, ya simu, ya komini, na ya "asili". Mwezi wa pili kamati ilipendekeza safu ya asili ifutwe, na mkutano wa mwezi wa tatu ukapiga kura. Ilipita. Palikuwa na maneno makali, na wanachama wawili walijitoa. Nilikwenda kwao mara mbili na nitakwenda tena, kwa sababu ni watu wazuri na viti vyao bado vipo. Lakini daftari sitalirudisha lilivyokuwa. Mwaka huu wa uchaguzi swali la "wewe wa wapi?" limerudi sokoni, kwenye teksi, hata mlangoni mwa kanisa, na najua nililala wapi usiku swali hilo lilipoulizwa kwetu Likasi. Mtu akija kusikiliza muziki pamoja nasi, tutamwandika jina na simu yake.

Kuhusu siasa ya marehemu, wako waliotaka chama kitoe tamko. Wengine walimpenda kwa chama cha siasa alichokiunga mkono, wengine walimnunia kwa hicho hicho. Kikao kiliamua tunyamaze, nami nimeheshimu. Nitasema tu kwa jina langu mwenyewe: Novemba 2020, alipokamatwa Kinshasa baada ya wimbo wake "Ingratitude", nililia kwa mara ya kwanza kwa ajili yake. Mwanamke wa miaka 62 aliyetuchezesha maisha yake yote, kushikwa kwa ajili ya wimbo! Aliachiwa haraka, lakini liliniuma.

Kazi nyingine iliyotuchukua muda ni ya kukusanya kumbukumbu. Tulikubaliana kila mwanachama aseme wimbo mmoja na mahali unapompeleka, na sekretere arekodi kwa simu. Tunazo 31 sasa. Nilidhani zitafanana, hazifanani. Mama mshonaji anasema "Nasi Nabali", maana yake "nimeshaolewa", ulimpa neno la kumjibu bosi aliyekuwa anamsumbua: hakuhitaji kugombana, alikuwa anauimba tu kila bosi akikaribia mashine, na fundi wenzake wakaitikia. Mzee wa reli anakumbuka "Dezo Dezo" ukitoka katika baa iliyo karibu na stesheni, usiku mke wake alipojifungua pacha, naye hana hata falanga ya teksi. Kijana mmoja, aliyezaliwa Tshala akiwa tayari mtu mzima mwenye jina, anasema yeye hana wimbo, ana mgongo wa bibi yake: alibebwa hapo bibi akicheza, na mpaka leo akisikia gitaa zile anasikia joto la mgongo. Nimeisikiliza hiyo mara nyingi. Naomba ambao hawajarekodiwa wasingoje. Tuliwazika wenzetu wawili mwaka huu, na mmoja wao alikuwa akituambia kila mara, "Yangu nitaisema wiki ijayo."

Sasa feza. Michango imeingia vizuri mpaka mwezi wa saba, kisha ikalegea bei ya unga ilipopanda, na hakuna wa kulaumiwa. Matanga ya Tshala yalikula karibu nusu ya akiba, na mazishi ya wenzetu wawili yakachukua sehemu kubwa ya iliyobaki. Mtunza feza ana karatasi zote mezani, kila mtu asome. Deni hatuna. Redio-kaseti mbili tulizonunua moja imekufa, nyingine inaendelea.

Mwaka ujao kamati inaomba mambo mawili tu. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi tukutane kusikiliza kaseti, nyumba kwa nyumba, tukibadilishana komini, na mwenye nyumba asilazimishwe kupika. Pili, tuzihamishe kaseti zote kwenye kompyuta kabla utepe haujaoza. Kijana wetu amekubali kufanya kazi hiyo kwa gharama ya gundi na usafiri. Anaomba mziweke mbali na jua na mbali na jiko, na msijaribu kuzifungua wenyewe.

Kaseti ya Mamu ilikuwa ya kwanza kuhamishwa. Iko kwenye simu ya sekretere. Kama kati yenu, au kwa ndugu zenu wa Kasai, huko Mwene-Ditu, Kananga au Mbuji-Mayi, yuko aliyeishi Likasi kabla ya 1992 na kumjua mama aliyeuza mikate, mrefu, mwenye kufunga kikwembe juu ya kikwembe, naomba mumsikilizishe. Sauti yake inasikika kwenye dakika ya kumi na moja, baada ya jogoo.

Mwenyekiti wenu