Mhakiki, niambie hadithi ipi mbovu

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua maana hili jambo limenikaa rohoni tangu Jumapili ile mlipotoa uhakiki wa kitabu cha hadithi fupi, nimeusoma mara mbili nikidhani labda nimeruka aya, lakini wapi. Hadithi 14 zimepangwa kama askari wa gwaride, kila moja imepewa sentensi mbili za kusimulia nini kimetokea, halafu dhamira, halafu wahusika, halafu mandhari, na mwisho kabisa kile kibwagizo tunachokijua wote tuliopita kidato cha nne, "mwandishi amefaulu kifani na kimaudhui." Amefaulu zote 14? Hata mama yangu na uzoefu wake wote akichoma vitumbua 14, viwili vitaungua na kimoja kitakuwa kibichi ndani, na mtoto wa jirani akija kununua anajua cha kukikwepa. Mimi msomaji mwenye elfu kumi mfukoni nilitaka kuambiwa nikikwepe kipi.

Mimi si mwalimu wala mwandishi, nahangaika na kutoa mizigo ya watu bandarini, ila starehe yangu ni hadithi za kisayansi, zile vijana wanaita sai-fai. Hasa yale madude manene ya Wamarekani yanayotoka mara moja kwa mwaka yamebeba hadithi fupi "bora za mwaka". La kwanza nililipata kwa wauza vitabu vya mtumba pale Posta, gamba limeshikiliwa na selotepu, kurasa mia sita na ushee, maandishi madogo kama ya karatasi ya dawa, na jamaa akaniuzia kwa bei ya kutupa, nadhani alijua ni kitabu cha chuo kilichopitwa na wakati. Nililisoma kwenye foleni ya pantoni ya Kigamboni karibu miezi minne, hadithi moja kwenda, nusu kurudi.

Aliyekuwa anayakusanya hayo aliitwa Gardner Dozois. Alianza mwaka 1984, hakupumzika mpaka juzuu la 35 mwaka 2018, na mwaka huohuo mwezi wa tano akafariki. Kila juzuu linaanza na insha ndefu ya kupiga hesabu ya mwaka mzima, majarida gani yamefungwa, yapi yameanza, nani kapata tuzo, nani katutoka. Watu wengi wanairuka, mimi ndiyo naanza nayo. Na huko nyuma kabisa kuna orodha ya mamia ya hadithi nyingine alizoona zinafaa kutajwa ila hazikuingia, kwa hiyo unajua kachagua nini na kaacha nini, ukitaka kumbishia una pa kuanzia.

Na ya kumbishia alikuwa nayo mengi. Huyo mzee karibu miaka 20 mpaka 2004 alikuwa pia mhariri wa Asimov's, jarida la hadithi za sai-fai, akabeba Hugo, tuzo kubwa ya sai-fai, ya uhariri mara 15, na kila mwaka alipochagua bora za dunia nzima, kadhaa zilitoka hukohuko kwenye jarida lake. Mwamba ngoma huvutia kwake, si ndiyo? Lakini hakuficha, kila hadithi imeandikwa ilichapwa wapi kwanza, unahesabu mwenyewe kwa vidole. Mimi nilihesabu, nikakasirika, halafu nikarudi kuzisoma zile za jarida lake moja moja nikakuta nyingine kweli ndizo zilizobeba kitabu. Kwa hiyo hasira ikapoa nusu.

Kabla yake walikuwepo wengine na kila mmoja na roho yake. Judith Merril alianza mwaka 1956 akaenda karibu miaka 12, na alikuwa haogopi kuchota hadithi kwenye majarida ya kawaida kabisa ambayo hata hayajui sai-fai ni mnyama gani. Kuna wawili ndio wananifurahisha zaidi, Donald Wollheim na Terry Carr. Walikuwa wanahariri pamoja, kitabu kimoja cha kila mwaka, 1965 mpaka 1971. Wakaachana. Kuanzia 1972 kila mtu akatoa chake, na utamu uko hapo, kwa sababu ni watu wawili waliokaa meza moja miaka saba, wanachota kwenye hadithi zilezile za mwaka mmoja, halafu unafungua vitabu viwili unakuta vinagongana hapa na pale tu, vilivyobaki kila mtu na njia yake. Sasa "bora ya mwaka" ni ipi hapo? Ni bora ya Carr na bora ya Wollheim, basi. Ukishalielewa hilo unaacha kuuliza kitabu ni kizuri au kibaya, unamsoma mchaguzi mwenyewe kama unavyomsoma refa, huyu anapenda kutoa kadi, huyu anaacha mpira uchezwe.

Kuna wanaosema heri kura. Hugo wanapiga wanachama wa kongamano lao la dunia, yaani wasomaji, na Nebula, tuzo nyingine ya sai-fai, wanapiga waandishi wenyewe, na tangu 1966 kuna vitabu vya washindi wa Nebula. Sina ugomvi na kura ila kura hainiambii kwa nini. Mtu mmoja mwenye upendeleo wake akinieleza kwa nini hii kaiweka ya kwanza, nimepata kitu cha kushika.

Nina kaunta buku moja nimeichora mistari kwa rula. Jina la hadithi, kurasa ngapi, alama kati ya 10, halafu safu ya mwisho naiacha tupu. Hiyo naijaza baada ya mwaka mzima, kitabu kikiwa kimefungwa, naandika ninachokikumbuka na hairuhusiwi kuchungulia. Hapo ndio unaona vituko. Hadithi niliyoipa 9 usiku ule kwa sababu ilinikimbiza mpaka umeme ukakatika nikamalizia kwa tochi ya simu, leo naliangalia jina lake naona kama jina la mtu tuliyekaa naye siti moja kwenda Morogoro, sura haiji. Na kuna nyingine niliipa 5, pembeni nimeandika "inazunguka sana", ndiyo hiyo inanijia kila nikisikia honi ya pantoni. Nikajifunza kuwa alama ya siku ya kwanza ni ya kasi, ni ya mshangao, na wahariri hawa wa kila mwaka wanahukumu siku ya kwanza wote, hawana ile safu ya mwisho, hawana muda, kitabu lazima kitoke. Ndiyo maana nanunua hata juzuu la miaka 30 iliyopita bila kuona limechacha. Mtu aliweka shingo yake mezani 1990 akasema hizi ndizo, mimi leo nakaa nambishia au nampa mkono. Mhakiki wenu wa Jumapili shingo yake iko wapi? Miaka 30 ijayo mtu atambishia kwenye nini, kwenye "mandhari ya kitabu hiki ni mjini na kijijini"?

Sasa kuna hawa waliokuja na ujanja ambao nauheshimu sana. Mwaka 2015 Wamarekani walianza mfululizo mwingine unaochanganya sai-fai na fantasia, msimamizi wake John Joseph Adams anasoma rundo la mwaka mzima anabakisha hadithi 80, anafuta majina ya waandishi, anampa mhariri mgeni wa mwaka huo achague 20. Huyo mgeni anasoma hadithi bila kujua ni ya supastaa au ni ya binti anayechapwa kwa mara ya kwanza. Nilipolisoma hilo nikacheka peke yangu, kwa sababu nina kisa changu.

Siku moja niliitwa kuwa jaji. Shindano la hadithi fupi, silitaji kwa jina, waliniita kwa sababu jamaa mmoja alijua nina hiyo kaunta buku. Tulikuwa majaji watatu, hadithi arobaini na kitu zimechapwa kwenye karatasi, majina makubwa juu kabisa ya ukurasa wa kwanza, soda, sambusa, saa nane mchana mpaka saa kumi na moja. Piga hesabu mwenyewe kila hadithi ilipata dakika ngapi. Ikafika hadithi ya mtu anayejulikana mjini, mwenzangu mmoja akasema "huyu mkali" na kuandika alama kabla hajafunua ukurasa wa pili. Na mimi nisijifanye mtakatifu, nilimpa 8. Nilipofika katikati nikaona ile hadithi ni maji ya betri, lakini 8 nilishaandika kwa kalamu na sikuifuta. Niliona aibu. Kuanzia hapo kila karatasi iliyofuata nikawa naifunika juu kwa sahani ya sambusa ndio nasoma.

Chini ya ile sahani ikaja moja ya sai-fai, nadhani ndiyo ilikuwa pekee kwenye rundo zima. Dar ya mwaka 2090, maji yanalipiwa kwa funda, kila mtu kavishwa kijimita shingoni. Mimi sai-fai naipima hivi, uongo mmoja nakupa bure, sitauliza hicho kijimita kinafanyaje kazi, lakini ukishaupata huo uongo nataka uniambie nani anatajirika, nani anaiba, watoto wanachezaje, mahari inahesabiwaje. Hii ilijibu. Kulikuwa na mtoto amejifunza kumeza bila sauti kwa sababu anaamini mita inasikia, na bibi yake anamwacha aamini hivyo maana anakunywa kidogo. Hakuna aliyelia, hakuna serikali iliyopinduliwa, hadithi imeisha bibi anakohoa makusudi ili mita imsikie yeye. Nikaipa 9.

Wenzangu wakaipa 3 na 4. Mmoja akasema haina ujumbe, mwingine akasema mambo haya hayawezekani, na hii si fasihi ni katuni. Nikauliza sungura na fisi kusemezana ndio kunawezekana? Wakacheka, tukaendelea na sambusa. Haikuingia hata kumi bora.

Wenzetu wengine Afrika hawajasubiri kuruhusiwa. Oghenechovwe Donald Ekpeki wa Nigeria alitoa mwaka 2021 mkusanyiko wa bora za mwaka za Waafrika, sai-fai na ndugu zake, kwa Kiingereza, na mwaka uliofuata ukabeba tuzo ya World Fantasy. Mtu alikaa, akasoma, akasema hizi ndizo.

Imepita miaka mitatu tangu ule ujaji. Mwezi uliopita, kwa kuchelewa, nilijaza safu ya mwisho ya lile shindano, na kati ya hadithi arobaini na kitu ninayoikumbuka ni hiyohiyo ya mtoto anayemeza kimyakimya, pamoja na aibu yangu ya 8. Nikawapigia waandaaji, wakasema karatasi zilishatupwa walipohama ofisi. Na mwandishi simjui, jina lake lilikuwa chini ya sahani na sikulinyanyua hata baada ya kumaliza. Kwa hiyo mhariri naomba uichape barua hii kama ilivyo, usiikate huku mwisho, ili kama aliyeiandika anasoma gazeti lako akuletee nakala, maana lazima anayo. Ukiichapa mpe huyohuyo mhakiki wa Jumapili, ila safari hii aseme ni nzuri au mbovu na kwa nini, dhamira tutaitafuta wenyewe. Mimi 9 yangu bado iko palepale kwa kalamu.

Msomaji wako,
Kigamboni, Dar es Salaam